Fisi Abeba Kitoweo Chake

— Tazameni mnapokalia!
— Tumetazama!
— Chini ya mkeka?
— Hamna kitu!
— Haya, hadithi inaingia.

Mama Digidigi alikwenda kuokota kuni. Nimemwambia mara ngapi achokoe kwanza kwa fimbo? Hasikii. Akatia mguu kwenye majani makavu, na nyoka kifutu kalala humo. Chwa! Mguu ukaanza kuvimba.

"Nakufa," akalia, "na mwanangu bado ananyonya."

Fisi akasikia, akaja mbio, mate yanamtoka chururu. Kule porini alijifanya mganga wa nyoka. Dawa yake ilikuwa moja tu, wembe. Anachanja, ananyonya damu, ananyonya, ananyonya, mpaka mgonjwa anakwisha. Kisha anasema, "Siku zake zilifika."

"Lete mguu," akasema, wembe mkononi.

Nguchiro, kijinyama kisichofika hata goti la Fisi, akachomoza kwenye kichuguu. "Chanja, Bwana Mkubwa. Sumu uinywe wewe. Ningekuwa mimi, ningempeleka zahanati wamtibu, halafu nimle mzima."

Fisi akameza mate. "Mzima?"

"Na kwato zake. Ila akitembea, sumu inasambaa, nyama chungu. Akitikisika, nyama chungu. Ukimkaza kamba, mguu unaoza, hasara yako. Na hizo njuga mguuni mvue, zitambana."

Jamani, mngemwona Fisi! Akavua njuga. Akaufunga mguu kwenye kijiti usicheze. Akamlaza Digidigi mgongoni, huyo, nyata, nyata, nyata, kama kabeba mayai. Akiona shimo, anazunguka. Digidigi akilia, anambembeleza: "Tulia, mama, usijitikise."

Zahanati, muuguzi Korongo akampa mgonjwa dawa ya sumu. Fisi akakaa mlangoni na chumvi yake na pilipili. Siku ya kwanza, kakaa. Siku ya pili, kakaa. Siku ya tatu Digidigi akatoka kwa miguu yake mwenyewe, mwanawe anamrukia.

Fisi akafungua kinywa. Lo, pori zima limejaa uani, Tembo kasimama mbele, vigelegele vinapigwa: "Fisi kamwokoa! Fisi kamwokoa!" Ungekuwa wewe, ungemla? Fisi akalamba chumvi yake kavukavu, akaenda zake. Nguchiro alicheka mpaka akaanguka kwenye kichuguu.

Funzo? Ukiumwa na nyoka, tafuta fisi mwenye njaa. Ukimkosa, basi tulia hivyo hivyo, wakubebe binadamu. Zahanati ni ileile.

— Hadithi imetoka! Na viatu?
— Tunavikung'uta kwanza!