Mtungi wa Bi Mafunda

Nisikilizeni vizuri, maana mwisho wa kisa hiki mtauamua nyinyi. Mimi umenishinda.

Bi Mafunda alikuwa na ugonjwa wa sukari na watoto watatu. Tunu, mkubwa wao, alijaliwa subira. Kombo alijaliwa hesabu. Vuai alijaliwa mikono. Nyumbani hapakuwa na umeme, na dawa ya sindano huharibika kwa joto, basi wakakubaliana wafukie mtungi ardhini, dawa ikae humo. Lakini wachimbe mpaka wapi? Juu juu, jua lingeifikia. Chini sana palikuwa jiwe tupu, na Vuai si baruti.

Tunu akafukia vipimajoto, kimoja chini ya kingine, akashinda juani akivisoma. Majirani wakamcheka: "Kaachwa na mume, sasa anaiuguza ardhi." Maneno yale yalimchoma, lakini hakuinuka.

Kombo akazichukua namba zake, akahesabu kinyumenyume, kutoka kwenye joto kurudi kwenye udongo. Alikisia udongo ule unavyopitisha joto, akapiga hesabu, akaona haifanani na vipimo vya dada yake. Akakisia upya, na upya tena, mpaka vikalingana. "Sasa naujua udongo huu," akasema. "Shimo likifika kiunoni, joto la mchana haliingii."

Vuai akashika mtaimbo. Jiwe lilimchuna viganja hadi damu, naye akachimba mpaka kiunoni.

Mama akapata nguvu, akacheka tena. Kosa lake likawa shukrani.

"Kiwanja hiki hakigawiki," akawaambia. "Namwachia aliyeniokoa. Semeni wenyewe ni nani."

Tunu alikitaka. Hakuwa na pengine pa kuzeekea.

"Bila vipimo vyangu, Kombo, ungehesabu nini?"

"Zile zilikuwa namba tu, dada. Mimi ndiye niliyezipa maana."

"Na hiyo maana ingechimba shimo?" Vuai akauliza.

Tangu hapo wakanuniana.

Mvua ya masika ikanyesha, kisha jua likarudi kali. Udongo ulioloa hupitisha joto upesi kuliko mkavu. Kombo aliwaambia mapema, na wote watatu walilijua. Ilibidi kupima upya, kuhesabu upya, kuchimba zaidi. Tunu alivitazama vipimajoto vyake, alivyokwisha kuvifukua na kuvitundika ukutani. Nikipima, aliwaza, watasema tena ni namba tu. Wakiri kwanza. Kombo alingoja namba. Vuai alingoja aambiwe achimbe mpaka wapi. Na mama, kwa kuwaamini wanawe, aliendelea kujidunga dawa iliyokwisha kuharibika.

Walimzika kiwanjani pale pale. Tunu, akiwa ndani na wanawake, alimsikia Vuai dirishani akimwuliza Kombo, "Tuchimbe mpaka wapi?" Tunu alijifunika kanga usoni, akalia kwa uchungu wa kweli, na kiwanja bado alikitaka.

Haya. Kila mmoja alimwokoa, na kila mmoja alimwacha afe. Marehemu alisema kiwanja ni cha aliyemwokoa. Je, wewe ungemkabidhi nani, na ungemtazama usoni ukimkabidhi?