Ngozi Iliyozoea Jua

Wapendwa, kabla hatujafunga Biblia zetu, pokeeni mfano mmoja. Aliyekaa karibu na anayesinzia amguse.

Alikuwepo mtu mwenye ualbino, kibarua wa mashamba ya chumvi. Jua la kule linakuchoma kutoka juu, kisha chumvi inalirudisha usoni kutoka chini. Kila baada ya siku chache masikio yake yalibambuka ngozi, akaona mateso. Mkewe akamshonea kofia pana yenye kitambaa cha kufunika shingo. Wenzake wakamtania kuwa bibi harusi amefika, naye akaanza kuisahau nyumbani makusudi.

Mwaka wa tano, mahali padogo juu ya sikio, kama ukubwa wa kucha, pakaacha kubambuka. Mtu huyu akafurahi.

"Mama Tabitha, hebu ona," akasema. "Ngozi imeanza kuzoea."

Mkewe akaona pamekauka, pana magamba. Akamsihi waende hospitali. Akajibiwa, ya nini kwenda hospitali na kitu kisichouma? Na wewe uliyekaa hapo, ungejibu vingine? Tusidanganyane.

Ikapita miaka miwili. Pakawa kidonda, kidonda kikawa uvimbe, uvimbe ukashuka shingoni. Ndipo akaenda. Daktari, binti wa rika la mwanawe, alipomaliza kumpima akavuta kiti.

"Baba, ndani ya seli za ngozi kuna jeni za ulinzi," akasema. "Jua likiharibu seli, jeni hizo huizuia isizaane. Isipotengenezeka, huiamuru ife. Ndiyo ile ngozi uliyokuwa ukiibandua."

"Na pale palipozoea?"

"Hapakuzoea, baba. Jua liliziua jeni za ulinzi. Seli mbovu zikakosa wa kuziambia zife, zikaendelea kuzaana. Ndiyo saratani hii."

Akauliza kama kukata sikio kutasaidia. Akaambiwa kungesaidia miaka miwili nyuma. Masika hayakumkuta.

Ndugu zangu, sisi tumezoea nini? Mara ya kwanza ulipompiga mkeo, ulijifungia chooni ukalia. Siku hizi unapiga, unanawa, unakula. Unasema umepata amani. Amani gani hiyo? Aliyekuwa akikukataza ndani yako amekufa, na uovu unazaana bila wa kuuzuia. Kama lipo jambo linalokuuma leo, mshukuru Mungu. Bado unaye mlinzi. Ninayemwogopea ni yule asiyeumwa.

Na msidhani nawasema ninyi tu. Mwaka wangu wa kwanza wa uchungaji nilizika mtoto mchanga, na siku mbili chakula hakikupita kooni. Jumanne hii nimezika mwingine. Nilirudi nyumbani, nikaonja chai, nikalalamika kwamba sukari haitoshi.

Tusimame tuombe. Leo anzeni na mimi.