Kisamvu cha Kila Siku

Mchuma kisamvu kila siku asitazamie muhogo. Ndivyo padre alivyowajibu mlipotaka yule binti aliyeongoka mwezi uliopita aongoze mkutano wa hadhara, nanyi mkanuna, mkaja kuniuliza mimi maana yake. Maana mtaipata wenyewe. Mimi nitawaambia ilikotoka, kwa sababu aliyekichuma hicho kisamvu ni mimi.

Marehemu mume wangu alikuwa mwalimu wa dini hapa kijijini, na watu walimwita Mwalimu mpaka wakasahau kwamba anaitwa Barnaba. Kanisa letu lilikuwa la miti na udongo, na Jumapili nyingi mabenchi yalikuwa mengi kuliko watu. Ndipo katika Kwaresima moja Anselmi Chitanda akaacha uraka. Uraka mnaujua, ile pombe ya mabibo. Lakini Anselmi hamkumjua. Msimu mzima wa korosho alikuwa akilala mtaroni, na mkewe Fidea akimburuta nyumbani kama gogo. Mtu huyo akaja kanisani amevaa shati safi, akasimama bila kuitwa, akasema Mungu amemtoa mtaroni.

Watu walilia. Jumapili iliyofuata wakamwomba aseme tena. Ya tatu wakaja watu wa kijiji cha pili. Anselmi alikuwa na mdomo mtamu. Alieleza jinsi alivyompigia mbuzi magoti akidhani ni baba mkwe wake, na kanisa zima likacheka mpaka wazee wakashika mbavu. Mabenchi yakajaa. Mume wangu alikuwa amehubiria kuta kwa miaka kumi na moja, akafurahi, nami simlaumu kwa hilo. Akaanza kumpeleka mtaa huu na mtaa ule. Darasa la ubatizo lilikuwa Jumatano na Ijumaa, na siku hizo Anselmi alikuwa safarini akitoa ushuhuda. Jina lake liliandikwa kwa ubatizo wa Krismasi hivyo hivyo.

Sasa, wageni wanaokuja kusikiliza ushuhuda ni watu, na watu hula. Nilikuwa na mihogo niliyoipanda Desemba nyuma ya jiko, safu nne, kwenye udongo mweusi mzuri. Kila wageni walipofika nilitoka na ungo, nikachuma majani machanga, nikatwanga kisamvu, nikakiunga kwa karanga. Walikisifu. Baada ya siku chache mihogo ikatoa majani mengine, nami nikachuma tena. Nilijiona tajiri.

Ikaja Oktoba, mabibo yakaiva, kijiji kizima kikanuka uraka. Jumamosi moja Anselmi akakutwa amelala mtaroni, mtaro ule ule wa hadithi zake. Kesho yake alikuwa akingojwa mtaa wa jirani.

Jumatatu asubuhi wazee wa kanisa waliketi barazani kwetu ili wafute jina lake. Walisema amelitia kanisa aibu. Mmoja akasema huyo alikuwa mbegu mbovu tangu mwanzo. Fidea alikuja kumwombea mumewe asifutwe. Alijua kwamba akishafutwa hatarudi tena, atakufa na kata ya uraka mkononi. Wakamwambia angoje jikoni. Akangoja, na kwa kuwa hakuna mwanamke awezaye kukaa bure jikoni mwa mwenzake, tukaenda pamoja kung'oa mihogo ya kuwapikia wazee.

Shina la kwanza lilitoka kwa mkono mmoja. Chini lilikuwa na vijizizi vyembamba kama vidole vya mtoto. La pili hivyo hivyo. Safu nzima hivyo hivyo. Niliona aibu, nikasema labda ni ugonjwa. Fidea aliliangalia lile shina, akanitazama mimi, kisha akaenda nalo barazani likidondosha udongo, akaliweka miguuni pa mume wangu.

"Mwalimu," akasema, "hili halina ugonjwa. Udongo wake mzuri, mvua limepata, na mkeo Mama Severini amelipalilia. Kosa lake ni kukaa karibu na jiko."

Mzee mmoja akamwambia kwamba kikao hakikuwa cha mihogo.

"Ni cha mume wangu," Fidea akasema. "Mmemchuma tangu Kwaresima. Kuwachekesha anajua, ila Sala ya Bwana haifikishi mwisho. Kila Jumapili mnamrudisha mtaroni kwa mdomo, na leo mnashangaa amekwenda kwa miguu."

"Lakini watu wengi wamemrudia Mungu kwa ushuhuda wake," mume wangu akasema.

"Walishiba, sikatai. Hata kisamvu cha mkeo kiliwashibisha. Lakini mchuma kisamvu kila siku asitazamie muhogo."

Mimi nilijua kwamba mfukoni mwa mume wangu kulikuwa na barua ya kumwita yeye na Anselmi kwenye mkutano mkubwa wa Masasi, mwaliko alioungoja tangu ujana. Mume wangu alilitazama lile shina. Kisha akasema jina lisifutwe, ila ubatizo usubiri, na Anselmi asisimamishwe tena mbele ya watu. Barua akaijibu siku hiyo hiyo kwamba hawataweza kufika. Ilimuuma sana.

Mwaka uliofuata mabenchi yalirudi kuwa matupu, na wapo waliomlaumu waziwazi. Anselmi aliketi darasani Jumatano na Ijumaa pamoja na watoto, akinyoosha kidole kama wao, akisahau, akirudia. Mabibo yalipoiva tena, alikuja kwetu kila alasiri akabangua korosho na Mwalimu bila mazungumzo mengi. Mara moja alishindwa, akanywa; kesho yake akaja kusema mwenyewe, kisha akaketi akaendelea kubangua. Mimi nami kisamvu nilikichuma kwenye mashina mawili tu ya ukingoni.

Krismasi akaja padre mgeni kubatiza. Sifa za Anselmi alikuwa amezisikia huko alikotoka, na zamu yake ilipofika, akamwomba kwanza awaeleze watu Mungu alikomtoa. Kanisa zima likainua vichwa; hata mimi, Mungu anisamehe, nilitamani kucheka tena.

"Padre," Anselmi akasema, "nimekuja kubatizwa."

Akaisema Kanuni ya Imani polepole, toka mwanzo hadi mwisho, akikwama mara moja tu. Padre akamgeukia mume wangu kama mtu aliyenyimwa kitu.

Mume wangu akasimama. "Utuwie radhi, Padre," akasema. "Mchuma kisamvu kila siku asitazamie muhogo."

Yule padre alikuwa mtoto wa mkulima. Hakuuliza tena. Akachota maji.