Friza Yenye Kufuli

Wapendwa, nani hapa hakukua na barafu za ukwaju? Zile za kwenye vimfuko vya nailoni: unang'ata kona, unafyonza mpaka kinabaki kipande cheupe kisicho na ladha. Naona mzee wa kanisa anacheka; alikuwa fundi huyo! Siku zile zilikuwa tamu, jamani, na mimi huwa nazililia.

Basi, kulikuwa na mama mmoja aliyetengeneza barafu hizo, na fundo la kila kimfuko alilifunga kwa namna yake mwenyewe. Akafariki. Binti yake alipofungua friza akakuta vimfuko vichache vya mwisho, mafundo ya mama yapo vilevile. Akalia, kisha akatia kufuli. Kila jioni anafungua, anatazama, anafunga.

Siku moja kaka yake akaja mbio. "Dada, mtoto ana homa, hataki kula wala kunywa. Anadai barafu ya bibi. Nipe moja tu."

"Hizi hazigawiwi, kaka. Ndizo zilizobaki za mama."

"Na huyu tuliyempa jina la mama, yeye hakubaki?" Kaka akaondoka bila kuaga.

Mchana huohuo umeme ukakatika. Dada akaifunika friza kwa blanketi, akasubiri, wapi! Alipofungua, vimfuko vilikuwa vimelegea, maji matupu. "Mama anakwisha!" akalia. Nawauliza, barafu ikiyeyuka maji hupungua? Hata tone! Naye akaliona hilo, akavitia kwenye beseni, akakimbia kwa kaka yake.

Mtoto akang'ata kona, akanywa. Kisha akamsogezea kimfuko. "Na wewe, Shangazi. Bibi alisema usinywe peke yako."

Akanywa. Ndipo alipoonja ukwaju wa mama kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Siku zote hizo ameufungia, na hakuwahi kuuonja!

Kesho yake akabandika sufuria ya ukwaju na tangawizi. Mvuke ukapanda, ukamlowesha uso, nyumba ikanukia kama zamani. Watoto wa jirani wakajaa mlangoni bila kuitwa.

Na sisi je? Wema wa wazazi wetu tumeugandisha. Tunausifu, tunautazama, tunaufungia, na ndugu mwenye kiu tunamrudisha mlangoni. Barafu ni maji, ndiyo, lakini nani amewahi kuinywa kabla haijayeyuka?

Ukitoka hapa leo, usiende kwako kwanza. Pitia kwa yule uliyemnyima.