Pimbi na Chumba cha Nguzo Pinda

Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, Pimbi alikuwa jirani wa Mchwa. Mchwa walikuwa na dawa ya homa, unga wa uyoga. Desturi yao moja tu: mgeni anapiga hodi, anataja maradhi. Bi Mchwa, bawabu wao, anaingia, anatoka na dawa. Imewekwa wapi, hayo ni ya wenye nyumba.

Masika moja ukuta wa kichuguu ukapasuka. Pimbi akachungulia ufani, akaiona dawa kwenye chumba cha nguzo pinda. Basi akajiona mwenyeji! Tangu hapo hakutaja tena dawa ya homa. Alisema, “Nipeni ile ya chumba cha nguzo pinda.” Mkewe akasema hivyo, watoto wakasema hivyo. Bi Mchwa alimwonya kwamba ndani hubadilika kila mvua. Pimbi akacheka. Sikio la kufa halisikii dawa.

Masika mengine yakaja, pwata pwata pwata! Mchwa wakahamisha vyumba, kama kawaida yao. Tunu, kitindamimba wa Pimbi, akashikwa na homa. Pimbi mbio, tipu tipu tipu, hadi mlangoni. Akamkuta bawabu mpya, akaomba ile ya chumba cha nguzo pinda. Bawabu akaingia, akamletea kilichokuwamo: unga wa udongo wa kuzibia nyufa.

Tunu akanyweshwa udongo. Homa ikapanda, mtoto akaacha hata kulia. Pimbi akarudi, tipu tipu tipu, roho mkononi. Safari hii alikuwapo Bi Mchwa.

“Shangazi, mwanangu anakufa. Mmenipa nini?”

“Umepewa ulichotaja. Usinitajie nyumba yangu, mwanangu. Nitajie shida yako.”

Pimbi akainamisha kichwa. “Dawa ya homa, shangazi.”

Akapewa papo hapo. Tunu akanywa, akatoka jasho, akalala. Alipoamka akaomba majani machanga, akauliza baba analilia nini.

Pimbi akawachukua wote, mke na watoto, wakaenda kushukuru. Alishukuru mpaka sauti ikamkauka.

“Ahsante, shangazi. Iko chumba gani sasa, sijui. Wala sitaki kujua.”

Bi Mchwa akampakata Tunu, akacheka.

Basi wanangu, nanyi wakubwa mnaosinzia: cha jirani kiombe kwa jina alilokupa mlangoni. Usifunge maneno yako kwenye vyumba vyake vya ndani. Atavihamisha, wala hana kosa.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni. Ndani sikuingia.