Mgeni Aliyeanza na Maji

Inasimuliwa kwamba, zama zile dola ya Uthmaniya ya Waturuki ilipokuwa ikimeguka, kila jimbo likijitwalia bendera yake, kusini mwa Anatolia aliishi mwadhini mzee, Sheikh Hairullahi, na mkewe, Bi Mihirinisa, Mwenyezi Mungu awarehemu. Mwana wao pekee, Kenani, aliuawa vitani Hijazi, na walioleta habari walisema risasi ilitoka kwa Waarabu. Tangu siku hiyo mzee hakutaka Mwarabu atajwe mbele yake. Alikuwa mtu mwema, lakini hilo lilimshinda, na ninyi ambao hamjazika mwana msiharakishe kumlaumu.

Mwaka huo njaa ikaingia. Jeshi lilishachukua ng'ombe na nafaka za watu. Nyumbani kwa mwadhini palibaki mfuko mmoja mdogo wa ngano, akiba ya mbegu. Wakiula, mwaka ujao hawana kitu.

Alasiri moja akapita kijana aitwaye Dhiyabu, askari ambaye jeshi lake lilikuwa limesambaratika, anarudi kwao Haurani, nchi ya Sham, kwa miguu. Kituruki alijifunzia jeshini. Alipobisha mlango wa kwanza, wakasikia lafudhi ya Kiarabu, wakamfungia. Wa pili, vivyo hivyo. Subhanallah! Watu waliosali safu moja karne kwa karne, leo hata salamu hawaitikiani. Mlango wa tatu ulikuwa wa Bi Mihirinisa, naye akamfungulia.

Sasa, watu wa kijiji kile walikuwa na adabu moja nzuri mno. Mgeni huletewa kahawa pamoja na bilauri ya maji, wala haulizwi kama ana njaa, asije akaona haya. Akianza na kahawa, ameshiba. Akianza na maji, ana njaa, na mwenyeji huondoka kimya kimya kwenda kupika. Dhiyabu aliinyanyua bilauri ya maji, akaimaliza kwa mkupuo mmoja.

Bibi akamfuata mumewe jikoni. "Baba Kenani, mgeni ameanza na maji."

"Nimeona."

"Hatuna kingine ila ile mbegu."

Mzee akawaka. "Mbegu yangu nimlishe Mwarabu? Hao waliomuua mwanangu?"

"Kenani naye alibisha milango ya watu huko ugenini," akasema bibi, machozi yakimtoka. "Sijui kama walimfungulia. Mimi huyu nimeshamfungulia."

Mzee akaleta istighfari, kisha akaenda mwenyewe kuushusha mfuko darini. Ngano yote ikaingia chunguni.

Dhiyabu akala, na kila alipotaka kunawa, bibi akamwongezea. Alipomaliza akauliza, "Mama, kwenu kila mpita njia hupikiwa sinia zima?" Bibi akamweleza habari ya maji na kahawa. Kijana akabadilika uso.

Angeweza kushukuru akaenda zake, nani angejua? Lakini alisema, "Wallahi, mama, sikuwa na njaa. Nilikuwa na kiu tu. Mkate ninao mkobani. Nimekula kwa kuogopa kuwavunjia heshima."

"Yaa Rabbi, mbegu yetu!" likamtoka bibi, akaziba mdomo, lakini neno lilishatoka. Na mzee, je? Mzee alicheka! Alicheka mpaka akashika ukuta, yeye ambaye tangu habari ya Kenani hakuna aliyeona meno yake.

Dhiyabu hakucheka. Aliondoka, akairudia ile milango iliyomfungia, akisimama nje na kusema: "Nimekula mbegu ya mwadhini wenu kwa ujinga wangu. Ngano sina, mikono ninayo. Atakayenipa konzi moja ya mbegu, nitamlimia shamba."

Aibu iliyowashika wanakijiji, acheni tu. Huyu akatoa konzi moja, yule mbili. Wengi walikataa kulimiwa. Wengine, maana wajanja hawakosekani, walimlimisha kweli, tena wakamsimamia. Kijana alikaa mwezi mzima, akikokota plau kwa mabega yake kwa kukosa ng'ombe, na shamba la mwadhini likapandwa lote. Chumba alicholala ni cha Kenani. Mzee ndiye aliyemtandikia.

Ngano ilipochipua, akaaga. Mzee akamsindikiza hadi njia ya kusini, ambako dola mpya zilikuwa zimeweka mpaka: gogo limelazwa barabarani, na ofisa kando yake.

"Huyu raia wa dola gani?" ofisa akauliza.

Dola aliyoipigania Dhiyabu haikuwepo tena.

Mzee akamshika mkono. "Dola sijui," akasema. "Huyu ni mtu wa nyumbani kwangu."

Ofisa akawatazama wote wawili, akaliinua gogo.

Ndugu zangu, dola ile haikurudi, nami sikuwasimulia ili muililie. Dola huondoka kwa amri ya aliyezileta. Ila jirani usiyesema naye bado yupo palepale, na mlango wake unaujua. Basi kabla ya Magharibi nenda kapige hodi. Mimi pia ninaye mmoja, mwaka wa tatu sasa, na nikitoka hapa naenda kwake, inshallah, kama miguu haitanisaliti.