Kikapu cha Mtoto wa Mbali

Paukwa!

Pakawa!

Semeni kwa nguvu, maana leo sina ya kuchekesha. Pakawa na nini?

Pakawa na kinu, na mchi, na mtama usiotosha!

Haya. Hapo zamani za kale, katika kijiji cha wanyama, kulikuwa na ndege aitwaye Kurumbiza. Kazi yake ilikuwa moja tu. Wenzake wakipura mtama uwanjani, yeye hukaa mtini akawasimulia hadithi, mikono yao isichoke. Kazi ikiisha hupewa kibaba chake, akalisha makinda yake manne.

Sasa sikilizeni desturi zao. Hadithi ilikuwa lazima iwe ya nchi ya mbali. Kumtaja jirani ilikuwa mwiko. Na hadithi ikiisha, kila mmoja hutia konzi ya mtama kikapuni, fungu la yule aliyeteseka hadithini. Kikapu huachwa njia panda, eti watu wa nchi ya mbali wapite wakichukue. Waliokula ni mchwa. Nani tena?

Kijijini hapo aliishi Bi Digidigi, mjane, na mwanawe mmoja. Mwaka ule alivunjika mguu msimu wa kulima, na sheria yao ilisema asiyelima asile. Basi mtoto akakonda, akakonda, akabaki macho. Kurumbiza alipita pale kila asubuhi na moyo unamuuma. Alikuwa akidondosha punje mbili tatu mlangoni, lakini punje mbili tatu zinamfikisha mtu wapi?

Siku ya kwanza akasimulia: "Nchi ya mbali palikuwa na mtoto anakufa njaa, na majirani zake wana maghala." Wanyama wakalia. Nungunungu alilia mpaka miiba ikamtikisika. Kikapu kikajaa. Kisha wakarudi makwao, wakapita mlangoni kwa Bi Digidigi, wakamwamkia vizuri tu, wakaenda zao.

"Hawajanielewa," akasema Kurumbiza.

Siku ya pili akaisogeza hadithi karibu: "Mama yake yule mtoto alivunjika mguu. Nyumba yao iko kando ya njia, na kila mtu huipita." Wakalia zaidi. Kikapu kikafurika. Mzee Ngiri, mkubwa wa kijiji, akapangusa pua akasema, "Ama kweli duniani kuna watu! Tumshukuru Mungu sisi hatuko hivyo."

Lakini wachache hawakulia. Waliinamisha vichwa. Na wachache hao ndio waliokwenda kwa Mzee Ngiri kushtaki.

Asubuhi ya siku ya tatu Mzee Ngiri akamwita Kurumbiza. "Mwanangu, hadithi zako zinatutia simanzi, kazi haiendi. Leo mpe mtoto yule chakula."

"Mimi ndiye nimpe, Mzee?"

"Si wewe msimulizi? Mpe ashibe, yaishe. Kama huwezi, Kasuku yupo, anaitaka nafasi yako."

Kurumbiza akayafikiria makinda yake manne. Siku hiyo alikuwa amepanga kumtaja Bi Digidigi kwa jina. Jina akalimeza.

Akasimulia: "Majirani wakamletea yule mtoto uji wa moto. Akanywa, akashiba, akatoka mbio kwenda kucheza."

Vigelegele! Magongo ya kupuria yakarushwa juu. Siku hiyo hakuna aliyetia hata punje kikapuni. Mtoto si amekwisha kula? Wakarudi makwao roho kunjufu, kama kwamba uji ule waliukoroga wao.

Kurumbiza alipewa vibaba viwili. Aliona aibu hata kuvitazama. Akabeba kimoja, akaruka mbio mpaka kwa Bi Digidigi. Akamkuta ameketi mlangoni, mtoto mapajani, amefunikwa kanga.

"Bi Digidigi, nimekuletea mtama."

"Umechelewa, dada." Hakupiga kelele. "Sauti yako inafika mpaka hapa, na mwanangu alikuwa anasikiliza. Uliposema uji, akaniuliza, 'Mama, uji wenyewe una asali?' Nikamwambia unayo. Akacheka. Ndiyo akalala hivi."

Kurumbiza akalia kilio ambacho hajapata kulia.

Mazikoni walikuja wote, na wote walilia. Mzee Ngiri akamgeukia Kurumbiza, machozi yanamchuruzika. "Msiba kama huu, mwanangu, mbona hukutuambia?"

"Niliwaambia mara mbili, Mzee," akajibu Kurumbiza. "Mara ya tatu niliwadanganya, na hiyo ndiyo mliyoipigia vigelegele."

Wajukuu zangu, hadithi husema ya mbali, lakini huchotwa nyumbani. Ukimlilia mtoto wa hadithini, futa machozi ukachungulie kwa jirani. Nawe msimulizi, usimshibishe mwenye njaa kwa maneno, maana wanaokusikiliza watadhani amekula.

Hapa naitua. Ingekuwa tamu, ningesema chukueni. Ni chungu, tuigawane, mimi na nyinyi.